Nirudishie Takataka Zangu

Al Qusais, Dubai

Kwa dada yangu Rael,

Nakusalimu kwanza, maana mama alitulea hivyo, kwamba hata ukiwa umenuna unasalimia kisha ndiyo unaendelea kununa. Hamjambo huko Kitale? Goti la mama limepata nafuu, au bado linamsumbua kukiwa na baridi? Shemeji je, na mahindi mmeshapalilia? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, nafanya kazi. Lakini nina hasira nawe, dada, na sitaificha katikati ya salamu ukadhani ni uchovu.

Nimeusoma ujumbe uliomwandikia madam. Nimeusoma kwa macho yangu, kwenye simu yake, na ile picha yako ya harusi ya binamu ikiwa hapo juu inatabasamu. Umemwambia mimi bado mdogo, sijui dunia, nashinda kwenye mapipa ya taka na watu nisiowajua, wanaume wakiwemo, na umemwomba kwa jina la Mungu anizuie ndani. Namba ya madam nilikupa mama alipolazwa, ili unipate kukiwa na shida. Sikukupa ili unichunge nayo kama mbuzi.

Ndiyo maana leo nakuandikia kwa karatasi, maana maneno ya simu umeshazoea kuyapeleka mbele. Mlinzi wa jengo akija mlangoni kuchukua taka nitampa barua hii, yeye ampe Hadija, na Hadija Ijumaa yake ya kupumzika aifikishe mtaa wa Satwa kwa Mkenya mwenzetu anayekuja likizo. Barua ya kukugombeza imenigharimu watu watatu.

Sasa nikueleze ulichoninyang'anya, kwa sababu nadhani hukujua. Kazi ya nyumba hii haina mlango. Ukimaliza vyombo kuna nguo, ukimaliza nguo kuna pasi, ukimaliza pasi watoto wamerudi na viatu vyao juu ya zulia. Sokoni anaenda sir, mume wa madam. Kanisani siendi, nilishakuambia. Kitu kimoja tu kilikuwa kinanitoa nje ya nyumba hii kwa miguu yangu mwenyewe, nacho ni takataka. Sir akishaenda kazini na watoto wakishapanda basi la shule, nilikuwa nafunga mfuko, nashuka na lifti hadi chini, natoka uani nyuma ya jengo. Nikagundua mapema kwamba taka zikigawanywa mifuko miwili mtu hushuka mara mbili. Madam alikuwa anashangaa tu mbona mifuko inaisha haraka.

Hapo kwenye mapipa ndipo nilipompata Hadija, Mganda anayefanya kazi kama yangu katika nyumba ya ghorofa ya pili. Yeye alikuja na mfuko mmoja na mikono yake yote miwili ikiwa inaongea. Halafu kuna Bi Zuhura, bibi wa Kizanzibari, mwenyeji wa hapa tangu ujana wake, anaishi na mwanawe ghorofa ya chini. Kila asubuhi hutoka na sahani ya vichwa vya samaki kulisha paka. Mara nyingine chini ya sahani kuna karatasi, na ndani ya karatasi kuna visheti vyetu. Siku ya kwanza nilimwambia, "Nipe kimoja," akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye ndala, akasema watu wa bara hatuombi, tunaamrisha. Tangu hapo nikawa naomba, naye ananicheka vilevile. Na huyo mwanaume uliyemtajia madam kwa hofu ni mlinzi wa jengo, mzee wa Kipakistani mwenye ndevu nyeupe, ambaye huosha magari ya wenyeji akiimba nyimbo za kwao. Ana wajukuu. Hana haja na mimi, wala mimi naye, isipokuwa kwamba anaimba vizuri na mimi napenda kusikia mtu akiimba asubuhi.

Tulikuwa tunafanya nini hapo? Hakuna. Hadija anaigiza jinsi madam wake anavyotembea akiwa amekasirika, Bi Zuhura anawatukana paka wanaokula bila adabu, mimi naulizwa nimeota nini. Kisha kila mtu anarudi kazini kwake. Nilikuwa nikirudi juu naosha choo nikitabasamu. Mimi, dada, ambaye miezi ya kwanza nilikuwa naosha choo nikilia. Hilo silioni aibu kuliandika, ndilo lililonifanya niendelee kukaa.

Ile siku niliyokuandikia ujumbe mrefu, unaikumbuka? Kuna mtu alikuwa amehama, akaacha kioo kikubwa kimeegemezwa kwenye pipa, kizima, cha kumwonyesha mtu mwili wote. Humu ndani kioo changu ni kile kidogo kilichopo juu ya mashine ya kufulia, kinanionyesha uso tu. Nilikuwa sijajiona miguu yangu kwenye kioo tangu nitoke nyumbani. Nikasimama mbele yake, nikageuka nyuma, nikageuka mbele, nikaona nimenenepa kumbe, na sare hii ya rangi ya maziwa hainikai vibaya. Hadija akaja akacheza mbele yake kama yuko harusini. Bi Zuhura akajifunga mtandio upya, akasema kioo hiki kinamsingizia uzee. Mzee mlinzi naye akaacha ndoo yake, akatoa kitana mfukoni, akazichana ndevu polepole huku akijiangalia kwa makini sana, na hapo ndipo tulipocheka mpaka nikakaa chini kwenye ukingo wa barabara. Lori la taka lilipokuja tukakiaga kile kioo kama mgeni.

Nilikuandikia yote hayo asubuhi ile ile nikiwa bado nacheka. Wewe ulijibu neno moja, "Sawa." Nikadhani uko shambani. Kumbe ulikuwa unamwandikia madam.

Kesho yake asubuhi madam alikuwa amesimama mlangoni. Akaichukua mifuko mikononi mwangu, akasema khalas, yaani basi, kuanzia leo mlinzi atakuja kuchukua taka hapa juu. Hakueleza. Nami sikuuliza, maana nilidhani nimekosea kitu. Nilijichunguza siku nzima. Nikasugua jiko hadi nyuma yake, nikaosha mapazia ambayo hakuna aliyeniambia niyaoshe, nikitafuta kosa langu nilifute. Wiki nzima niliishi hivyo, najilaumu kwa kosa lako. Asubuhi nilikuwa nasimama kwenye kibaraza cha jikoni nikitazama chini, naona kitambaa cha kichwa cha Hadija kikizunguka kwenye mapipa, akiangalia juu asijue dirisha letu ni lipi. Nilishindwa kumwita, madam angesikia.

Aliyekuja kunitafuta ni Bi Zuhura. Na miguu yake ile inayomuuma. Alipiga kengele, madam akamkaribisha kwa heshima kwa sababu ni mtu mzima na anazungumza Kiarabu vizuri, akamkalisha sebuleni kwenye kochi, akaniamuru nilete chai. Nikaleta. Fikiria, mtu ambaye nimekula visheti vyake nimesimama naye kando ya pipa, leo namwinamia na sinia namuuliza kwa adabu sukari ngapi, kana kwamba hatujuani. Naye akanijibu kwa adabu vilevile, ila alinishika kidole kidogo chini ya kisahani.

Wakazungumza Kiarabu. Ninachokielewa ni kidogo, lakini nilisikia jina langu. Bi Zuhura alikuwa anauliza msichana huyu amefanya nini hata afungiwe. Madam akaweka mkono kifuani, akasema si yeye, ni ndugu zangu walioomba, kisha akaleta simu. Bi Zuhura akaisoma ameiweka mbali na macho. Akanipa na mimi nisome. Nilipomaliza akanisemesha Kiswahili mbele ya madam, taratibu.

"Mwanangu, huyu hana kosa. Aloufunga mlango yuko kwenu."

Sikujua niuweke wapi uso wangu, dada. Nilirudi jikoni na sinia likiwa na vikombe vilivyojaa.

Bi Zuhura alipoondoka nilimfuata madam, kwa mara ya kwanza nikamwomba kitu tangu nifike. Nikamwambia nataka kazi yangu ya kutupa taka. Alinitazama kama anayetafuta ujanja ndani ya ombi langu. Kisha akasema, na nakuandikia alivyosema, "Dada yako akiniambia hakuna shida, utashuka. Mimi sitaki lawama na watu wa kwenu." Kwa hiyo ufunguo anao nani? Si kafeel aliyenidhamini, si madam, si serikali ya hapa. Unao wewe, uko Kitale, pengine umekaa mlangoni unachambua maharagwe.

Tena nikuambie lingine. Mkataba wangu unaisha karibuni, na madam ananitaka nikae tena. Najua hapo nyumbani mnasubiri kusikia nimekubali. Aliponiuliza nilimjibu, "Muulize dada yangu, yeye ndiye mnaandikiana." Nilisema kwa hasira, lakini sijairudisha kauli ile. Naweza kufanya kazi hii. Naweza kulala karibu na mashine ya kufulia, naweza kuamka kabla ya watu wote. Siwezi kuifanya bila asubuhi yangu. Usiponirudishia, nitapanda ndege nirudi, na mtu wa kuulizwa kwa nini nimerudi hatakuwa mimi.

Najua utasema uliogopa. Utasema umesikia habari za wasichana wanaopotelea huku Arabuni. Mimi pia nimezisikia, na wengi wao walipotelea ndani ya nyumba, mahali ambapo hakuna aliyewaona asubuhi. Lakini hilo silo linaloniuma. Nilikuandikia jino lilipovimba nikapika siku tatu bila dawa, ukaniambia nivumilie. Nilikuandikia watoto walipokuwa wananitemea mate, ukaniambia wenzangu wanaitafuta nafasi hii. Nilikuandikia paspoti yangu imefungiwa kabatini, ukaniambia nimwombe Mungu. Namba ya madam ulikuwa nayo siku zote hizo, dada, na hukumwandikia hata salamu. Nilipolia hukumwambia mtu. Nilipocheka ukanishtaki siku hiyo hiyo.

Sitaki uniombe msamaha, na usinitumie mistari ya Biblia. Mwandikie madam. Tumia Kiingereza kile kile. Mwambie hao watu ni marafiki zangu na kwamba wewe unawajua. Majina nimekupa.

Nisalimie mama, umwambie avae soksi usiku hata akibisha. Msalimie shemeji, najua hukumwuliza kabla ya kuandika, yeye angekukataza. Msalimie shangazi wa mandazi pale steji ya matatu, na binti yako, mwambie shule asome lakini acheze pia. Jirani yetu mama Chebet mwambie kitenge chake alichonipa bado ninacho.

Na wewe nakusalimu tena, nikiwa bado nimekasirika. Ni mimi mdogo wako Everlyne, ambaye siku ile ya kioo nilipanda ngazi badala ya kungoja lifti, kwa haraka ya kufika kwenye simu, kwa sababu wewe ndiwe mtu wa kwanza niliyetaka ajue kwamba nimecheka.