Santuri Uliyoisikiliza na Zubeda

Dada Nakundwa,

Sijamwambia mtu yeyote, hata mama: namwonea wivu Zubeda, rafiki yako wa kule chini Bendera. Alikuuguza mpaka mwisho, najua. Wivu haujali.

Nimemaliza shule. Ulisema, "Maliza kidato cha nne, nitapanda huko mlimani na gramafoni, tutaisikiliza ile santuri pande zote mbili, mimi na wewe tu." Nikangoja. Badala yako vikapanda vitu vyako kutoka zahanati ya shamba la mkonge: sare zako za uuguzi, kanga, gramafoni ya betri, na santuri yenyewe, jaladani wazungu wenye nywele ndefu wamekaa kwenye nyasi.

Siku ya kuanua matanga baba mdogo aligawa vitu mbele ya ukoo. Alipofika kwenye santuri akauliza, "Na hii ya mabepari, nani anaitaka?" Watu wakacheka. Mimi, unavyonijua, niliinama. Zubeda ndiye aliyesema, "Mimi, baba, mkiniruhusu." Mama akanitazama, akasema ikae kwangu kwanza pamoja na gramafoni, hadi Zubeda atakapopanda tena.

Niliisikiliza peke yangu jikoni, mama akiwa shambani. Dada, niliona aibu kwa ajili yako. Waliimba mbiombio, sauti kama za vifaranga. Nikajilazimisha kuwapenda kwa kuwa uliwapenda wewe.

Jumamosi Zubeda akapanda. Alisikia tangu uani nikiipiga santuri, akacheka mpaka akakaa chini. "Mdogo wangu, mbona umewakimbiza hawa kama wanateremka kutoka huku Suji na basi linawaacha?" Akasukuma kijiti cha kupunguza mwendo pembeni mwa gramafoni, ambacho sikujua kazi yake.

Ndipo nikaisikia. Gitaa lilikwenda taratibu, kama mama anapochambua maharage na hana pa kwenda. Mwanamume akaimba chini chini, kama anaogopa kumwamsha mtoto. Nikatoka, nikajifanya nafuata kuni. Ilikuwa nzuri, dada. Nzuri kuliko ulivyonieleza.

Niliporudi, Zubeda alikuwa anaimba nao. Yeye ambaye Kiingereza hakukisoma anajua kila neno. Ulimfundisha Jumapili baada ya zamu. Katika wimbo wa tatu sindano huruka, na sauti yake iliruka nayo. "Hapa dada yako aliigonga kwa nyonga, akicheza," akasema. Sikujua kwamba ulikuwa unacheza. Hapa nyumbani ulikuwa mtu wa kwaya, mikono mbele, umetulia. Huyo aliyecheza sikumjua, na sasa nitamjulia wapi?

Hakuiomba santuri. Aliifuta kwa pindo la kanga, akaitia kwenye jalada, akanikabidhi kwa mikono miwili. Afadhali angeiomba, ningemnyima.

Basi nimeamua. Kabla betri hazijaisha nitajifunza nyimbo zote, pamoja na maana zake, kwa kamusi ya shule. Kisha nitateremka Bendera nimpelekee Zubeda santuri na gramafoni, viwe vyake. Nakuahidi. Ila siku hiyo nitamweleza kila wimbo unasema nini, naye atanisikiliza mimi.

Lala salama, dada yangu. Zubeda akipanda hukaa kaburini kwako kwa muda mrefu akizungumza nawe. Mwache aseme yake yote. Haya yangu usimdokeze.

Mdogo wako,
Namsifu