Shangazi wa Mtu Mwingine

Masaka, 10 Machi 1997

Shangazi mpenzi,

Ukimaliza kusoma, ichome barua hii. Nakuomba sana, asisikie mtu hata neno moja, Baba hasa. Nakuamkia. Kikohozi kimekuachia? Mimi mzima wa mwili tu.

Unajua kazi yangu hapa kituo cha ushauri: kuandika majina na kutunza mafaili. Bi Nassolo, mshauri mkuu, amenipendekeza kwenda kusomea ushauri mwezi wa Mei. Shangazi, nimeharibu.

Kuna dada mmoja, simtaji jina, alimkimbia mumewe akiwa amevunjwa mkono. Tumemficha kwa masista. Leo asubuhi akaingia mama mmoja wa makamo, amevaa gauni safi la gomesi.

"Mimi ndiye shangazi yake," akasema. "Nilimfunda mwenyewe kabla ya harusi. Wewe karani wa juzi ndiye wa kunificha mtoto wangu?"

Hakumaliza, nilikuwa nimeshapiga magoti. Nikamwambia alipo. Niliwaza, kama mimi nakuambia wewe yote nisiyoweza kumwambia Mama, huyu nitamnyimaje?

Akanishukuru kwa furaha. "Mumewe atamfuata Jumamosi. Nilishamwahidi."

Nikimwambia Bi Nassolo, masomo basi. Nikinyamaza, labda masista watamzuia mlangoni. Nifanyeje?

Mtoto wa kaka yako,
Bukirwa

Kyotera, 12 Machi 1997

Bukirwa, mtoto wa kaka yangu,

Kikohozi kimepungua. Barua nimeichoma, na maharagwe nayo yakaungua nikiisoma.

We mjinga ninayekupenda! Nani alikuambia mashangazi wote ni mimi? Na hata mimi hunijui. Nantongo, binti wa kaka yetu mkubwa, alinikimbilia akilia. Nilimfunga kanga kiunoni nikamrudisha kwa mume kwa mkono wangu huu, nikala na nyama waliyonipa. Alirudi kwetu amebebwa. Nyinyi mliambiwa amekufa kwa malaria. Tangu hapo sifundi bibi harusi, watu wanadhani nimezeeka.

Inuka hapo ulipo. Nenda kwa Bi Nassolo sasa hivi, usimalize hata kusoma.

Shangazi yako

Nyendo, 27 Machi 1997

Shangazi,

Hujambo? Barua yako ilifika Ijumaa saa nane mchana. Sikuimaliza.

Bi Nassolo hakupiga kelele. Alivaa viatu, akasema, "Twende kwa masista. Utamwambia mwenyewe."

Nilimwambia. Yule dada akauliza, "Ulimpigia magoti?"

"Ndiyo."

"Hata mimi ningempigia," akasema, akaanza kukunja nguo zake kwa mkono mmoja. Nilitaka kumsaidia, akanikataza.

Jumamosi mumewe na yule mama walikuta kitanda kitupu. Yuko salama, lakini Bi Nassolo anasema tangu siku ile hazungumzi na mshauri yeyote. Jina langu la Mei amelifuta. "Ulikaa na jambo la mtu siku nne kwa kuogopa," aliniambia. "Njoo mwakani nikuulize tena." Nitakwenda, Shangazi. Masomo hayo nayatamani zaidi kuliko zamani, na yananitisha zaidi.

Nantongo namwota. Sijui nikuambie nini. Bado nakupenda.

Sasa yule mume anashinda kwenye geti la kituo akiulizia anakolala karani, kwa hiyo nimehama. Usiandike tena ofisini. Barua mtumie Mzee Ssempala, muuza mafuta ya taa hapa Nyendo, bila jina langu juu. Ukija mwenyewe, atakuuliza maharagwe yalikuwaje. Mwambie yaliungua. Usikasirike: nimemwagiza kwamba mtu akija akasema tu ni shangazi yangu, asimwonyeshe ninapolala.

Mtoto wako,
Bukirwa