Kitwitwi Mwenye Pete

Leipzig, 3 Juni 1968

Shangazi yangu Bi Mwanakheir,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kikohozi cha baridi hakijanitoka. Goti lako vipi, na ngazi za nyumba unazipandaje?

Oktoba nnakuja nyumbani kwa miezi mitatu. Unawajua kitwitwi, vile videge vya pwani vinavyokimbizana na mawimbi. Mwezi uliopita mimi na profesa wangu tuliwakamata pwani ya kaskazini huku, tukawavisha pete za bati zenye namba miguuni, tukawaachia. Anaamini ndio hao hao wanaohamia kwetu theluji ikiingia huku. Nikimpata mmoja mwenye pete Makunduchi, nikampiga picha, shahada yangu imekamilika. Chuo kinaniazima darubini, na kamera yenye lenzi ndefu kama mkono wangu hadi kiwiko.

Mwambie binamu Pandu aniwekee chumba kwake huko Makunduchi.

Mwanao,
Shaame

Mkunazini, 20 Julai 1968

Mwanangu Shaame,

Marahaba. Goti huuma likitaka, lakini sokoni bado nnakwenda kwa miguu yangu. Furaha ya kukuona sina pa kuiweka. Pandu na mkewe Mize wanakusubiri.

Lakini njoo wewe, vyombo hivyo viache huko huko. Ramadhani iliyopita jirani yetu Hija alipanda juu ya paa na darubini kongwe ya marehemu baba yake kuutafuta mwezi. Wakaja watu wawili wakamchukua. Siku kumi na moja anaulizwa anampa nani ishara baharini. Amerudi, na tangu hapo hazungumzi na mtu. Huyo alikuwa akitafuta mwezi, kitu anachokijua kila mtu. Wewe utasema unatafuta nini? Ndege aliyevaa pete?

Nimekulea tangu wazee wako walipofariki. Sina mwengine.

Shangazi yako,
Mwanakheir

Leipzig, 15 Septemba 1968

Shangazi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, hata kama umenuna.

Nimeisoma yako mara tatu. Lakini nna barua ya chuo yenye mihuri miwili, na ni serikali yetu wenyewe iliyonileta kusoma huku. Wakiniuliza nitawajibu. Nikirudi bila ya picha, miaka minne yote imekwenda bure.

Nnakuja na vyombo. Usinikasirikie.

Mwanao,
Shaame

Makunduchi, 8 Novemba 1968

Shangazi yangu,

Shikamoo. Tangu niondoke kwako wiki tatu zilizopita sijambo, Mize ananilisha mpaka nnashindwa kuinama.

Kuna jambo sikukwambia nilipokuwa kwako. Siku niliyoshuka bandarini, bwana wa forodha aliishika darubini akaitazama bandari yote, kisha akanirudishia. Mtazamo ule haukunipendeza. Hapa kuna mtu anaitwa Simai, mwenye koti la khaki. Kila nnapolala kifudifudi mchangani, yeye hukaa kwenye mwamba nyuma yangu na kidaftari. Nikimsalimia huitikia, basi.

Jana nilikuwa nnawapiga picha kitwitwi kundi zima, boti ya askari ikapita nyuma yao. Nilikuwa nshabonyeza. Sijui kama imeingia.

Wenye pete bado sijamwona hata mmoja.

Mwanao,
Shaame

Mkunazini, 11 Novemba 1968

Shaame,

Sikuulizi hali, hakuna wakati. Barua yako imenifikia imefunguliwa, gundi yake bado mbichi. Hii nimempa Pandu mkononi, amekuja mjini leo.

Hilo la boti wameshalisoma kabla yangu. Sasa nisikilize. Filamu usiichome, ukiichoma umeficha. Usikimbie pia. Ichukue pamoja na kamera na darubini, umpelekee mkubwa wa askari wa hapo kwa mkono wako, umwambie kilichotokea kama ulivyoniambia mimi. Nenda leo. Usingoje wakufuate.

Shangazi yako

Makunduchi, 16 Desemba 1968

Shangazi yangu, mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Nimekonda, na sikio la kushoto halisikii vizuri, lakini mzima. Jana wameniachia baada ya siku thelathini na mbili za kufungwa huko mjini. Walinipandisha lori moja kwa moja hadi huku, na ruhusa ya kuja mjini ni Ijumaa.

Barua yako niliipata, na sikufanya ulivyoniambia. Nilitaka asubuhi moja zaidi. Nikaipata, na pete pia niliiona, Shangazi. Nilishasoma tarakimu mbili za mwanzo pale kivuli cha watu watatu kiliponifunika.

Filamu waliisafisha. Boti imo, ndogo, nyuma ya mabawa. Kila siku waliniuliza kuhusu boti ile. Kilichoniokoa ni kidaftari cha Simai. Aliandika kila kitu: saa moja amelala, saa mbili anaandika, saa tatu anacheka peke yake. Mkubwa wao akamuuliza mbele yangu kama niliielekezea boti darubini.

"Boti ilipopita ndege waliruka," Simai akasema, "na yeye akaitukana boti. Nimeandika hapo."

Mkubwa akasoma, akafunga kidaftari.

Vyombo vyote wamevichukua, na pasipoti yangu. Leipzig sirudi. Kuanzia Januari nitasomesha skuli ya hapa, wameshaniandika. Sijui nitamwambia nini profesa. Jana nilikaa ukumbini kwa Pandu nikalia, Mize akajifanya anachambua mchele.

Pandu ndiye aliyenieleza kwamba Ramadhani yote hii, kila alasiri, ulikwenda na bakuli la futari hadi mlangoni pale nilipofungwa, ukaambiwa uliache, ukaliacha. Halikunifikia hata moja. Nilipouliza waliniambia hakuna mtu aliyekuja kuniulizia. Niliwaamini, Shangazi. Nisamehe kwa hilo kabla ya mengine yote.

Kaniambia pia kuwa majirani wakikuona huvuka upande wa pili wa njia. Basi Ijumaa nitashuka Darajani baada ya sala, watu wakiwa wamejaa, nipite katikati ya soko na nimsalimie kila mmoja kwa jina lake mpaka mlangoni kwako.

Mwanao,
Shaame