Jina Nililolificha Chini ya Ndoo ya Unga

Eliya ametafuna jina la mtu.

Sasa hivi tu. Nimegeuka kukoroga uji, yeye akajisukuma kwa makalio mpaka kwenye ndoo ya unga, akaivuta, akatoa kale kakaratasi nilikokaficha chini yake tangu Alhamisi. Nilipomtia kidole mdomoni kilikuwa kimebaki kipande kimelowa, na ulimi wake wa bluu kwa wino. Anacheka. Mimi nimekaa chini hapa jikoni na simu yangu, na machozi yananitoka.

Leo Jumatano. Wingu limetanda Likunja nzima tangu asubuhi, korosho zilizoanikwa hazikauki, na mimi niko hivyohivyo.

Nieleze vizuri. Akina mama wa jumuiya yetu tuna desturi. Kila Alhamisi tunaandika majina yetu kwenye vikaratasi, tunavitia kwenye ungo, kila mmoja anaokota kimoja. Uliyemwokota unamwombea wiki nzima na humwambii. Alhamisi nyingine unasimama mbele ya wenzako, unampa karatasi yake, unamwambia, "Nilikuwa nimekubeba wewe." Wengine hulia.

Mimi niliokota Mama Neema.

Na sijamwombea hata siku moja.

Kuna siku bombani nilimweka Eliya chini nikinge maji. Ana mwaka na miezi minane, bado hajatembea. Mama Neema akasema watu wote wakisikia, "Huyu hana haraka, atatembea siku ya kwenda kuoa." Wakacheka mpaka ndoo ikafurika. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Nikarudi nyumbani nikamkanda miguu kwa mafuta ya ufuta, nalia. Kwa hiyo nilipofungua karatasi nikaona jina lake, nilisema moyoni, Mungu na amtafutie mtu mwingine.

Mtu mwingine hayupo. Jina moja, mtu mmoja.

Jana ikaja habari. Mama Neema ana mimba ya miezi saba, alikwenda kumsalimia dada yake Nachingwea, huko damu ikaanza kumtoka. Wamemlaza hospitali. Leo asubuhi jirani yetu Bi Mwanahawa, aliyemlea Mama Neema tangu mdogo, alipita hapa amejifunga kanga mbili.

"Mama Eliya, sisi tumemsomea dua tangu alfajiri. Na ninyi huko kwenu mnamwombea?"

"Tunamwombea, bibi."

Nilisema hivyo huku natazama ndoo.

Mimi niliishia la saba kule kwetu Marambo, mambo makubwa ya Biblia siyajui. Lakini leo nimeifungua kutafuta mahali pa kujificha, na sikupaona. Ibrahimu aliwaombea watu wa Sodoma, na hawakuwa watu wema wale. Alivutana na Mungu kama tunavyovutana bei ya ufuta, kutoka watu wema hamsini mpaka kumi. Musa aliwaombea watu walewale waliokuwa wanamsema kila siku. Ayubu aliambiwa awaombee rafiki zake waliomkalia wakimsimanga, na alipowaombea ndipo mambo yake mwenyewe yakageuka. Naye alikuwa bado na uchungu wake, naamini.

Zamani nilidhani kuombea ni kwa unayempenda. Kumbe kumwombea unayempenda ni kama kumlisha mtoto wako, hakuna anayekusifu.

Kinachonitesa ni hiki. Je, ile damu imetoka kwa sababu mimi nilinyamaza? Najua Mungu hangoji mama mmoja wa Likunja ndiyo afanye kazi. Lakini kama Yeye hatungoji sisi, mbona alituambia tuombeane? Sijui. Nimeuliza mpaka uji umeungua.

Na kesho ni Alhamisi. Wenzangu watasimama na karatasi zao safi. Mimi nitasimama na kipande kilichotafunwa, na mwenyewe hayupo wa kumpa.

Ngoja niandike hapahapa, kwa kuwa mdomo unakuwa mzito.

Bwana, nakuletea Mama Neema. Ndiye yuleyule aliyemcheka mwanangu, na bado inaniuma, sitakudanganya kama nilivyomdanganya Bi Mwanahawa. Izuie hiyo damu. Mtunze huyo wa tumboni, atoke kwa wakati wake, atambae, atembee, hata akimtangulia Eliya wangu. Nimechelewa siku sita, usimhesabie yeye. Na kesho nipe nguvu niwaambie wenzangu kwamba

Bi Mwanahawa ananiita uani. Ana simu sikioni. Anasema Mama Eliya njoo, ni Mama Neema mwenyewe anaongea, sauti imekuwa ndogo, anauliza kati yenu ni nani aliyemwokota wiki hii, na mimi nina kipande chake hiki mkononi, naenda kumwambia