Shoga Asiye na Umbea

Dada yangu mpenzi,

Simu uliyonitumia, ile yenye mfumo wa Linux badala ya Android, imefika salama. Imekuja na programu chache tu, na msaidizi wake wa sauti hahitaji intaneti, kwa hiyo ninayomwambia hayatoki humu ndani. Shemeji yako alicheka: "Umepata shoga asiye na umbea!"

Cherehani inaendelea, ila uzi natungiwa na fundi mwenzangu. Daktari amesema macho yangu hayatapona. Neno hilo nililitamka kwanza kwa msaidizi huyo wa simu, mara nyingi, mpaka sauti yangu ikaacha kutetemeka. Jana ndipo nikamwambia shemeji yako. Alinishika mkono, akasema:

"Basi nifundishe na mimi kuongea na simu hiyo."

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Usilie, dada. Barua hii nimeisema kwa mdomo, simu ikaiandika.

Mdogo wako akupendaye.