Mbuzi wa King'ora cha Kiwanda

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Bariadi. Tarehe 16/07/2025
Jina: Klementina Mboje. Umri: miaka 51. Kazi: mama lishe na mkulima wa pamba. Makazi: nyuma ya kiwanda cha kuchambua pamba, Bariadi.

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwamba Mahona, mnayemshikilia kwa kudai rushwa kwa wakaguzi wa serikali, ni mume wangu. Nalisema mapema lisije likaonekana nimelificha. Mume wangu ninayo mengi ya kumshitaki, afande, ila hili halimo.

Mnamo tarehe 15/07/2025, saa nne asubuhi, nilikuwa nakaanga maandazi kwenye kibanda changu, getini kwa kiwanda. Wakaguzi watatu walikuwa ndani. Ni wale wanaopima viwanda vikubwa vinakula umeme kiasi gani na kutoa moshi kiasi gani, na kinachozidisha kinapigwa faini. Meneja, Bwana Januarius, alishajiandaa. Mwezi wa tano alizima king'ora cha kuitia zamu, maana mota yake ni ya zamani na inafyonza umeme. Tukakubaliana naye kwenye mkutano wa kitongoji kwamba kuanzia hapo king'ora kikilia, ni mwizi ameingia. Kitakuwa ndio mwano, yaani yowe letu la kuitana.

Basi kikalia. Mwano ukilia kwetu huulizi, unakimbia. Wanaume waliacha ng'ombe, wanawake wakaacha sufuria, na maandazi yangu yakaungua yote. Mahona ndiye kamanda wa sungusungu, kwa hiyo alitangulia na fimbo yake. Ndani ya geti tukamkuta mkaguzi mkuu, binti anaitwa Winnie, ameshika kipimo. Yeye ndiye aliyeagiza king'ora kiwashwe apime ile mota.

Mahona akamuuliza kwa heshima, kama tunavyomwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, mwizi yuko wapi?"

"Hakuna mwizi, mzee. Tunapima tu."

"Basi toa mbuzi."

Binti akaingia kwenye gari, akafunga vioo, akawapigia simu nyinyi polisi. Simlaumu. Umezungukwa na watu wenye fimbo, halafu unaambiwa utoe mbuzi. Ila hakuna aliyegusa gari wala aliyetukana. Mkaja mkamchukua mume wangu mbele ya wajukuu wake. Hilo liliniuma, sifichi.

Leo asubuhi binti alikuja kunywa chai kwangu. Nikamwambia, "Mwanangu, kwetu anayepiga mwano bure hutoa mbuzi, akaliwa na waliokimbia. Hata mkwe wangu alishatoa. Wewe unakitoza kiwanda kwa kupoteza umeme. Mahona alikutoza kwa kupoteza miguu ya watu."

Akacheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akauliza, "Mama, mbuzi anapatikana wapi?"

Huyo ndiye anayelia nje ya kituo chenu sasa hivi. Binti amemnunua kwa hela yake, akasema faini ni faini. Lakini mbuzi wa mwano huchinjwa na kamanda, na kamanda mnaye nyinyi.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, sina la kuongeza wala kupunguza.

Sahihi ya shahidi: K. Mboje

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Bujiku, nikamsomea shahidi, naye amekiri ni sahihi. Mlalamikaji amefika kituoni na kufuta malalamiko. Mahona ameachiwa saa nane mchana. Mbuzi hajapokelewa kama kielelezo. Ameondoka na mtuhumiwa.