Mboji Yangu Imo Kwenye Maua ya Ukumbi

Jumatatu. Kaloleni, manyunyu tangu alfajiri.

Jumamosi iliyopita, nikiwa matangani Butere, nilipoteza mboji ya siku tisini na moja. Magunia manne, nyeusi, tayari kwa kupandia. Iliondolewa asubuhi, siku ya usafi wa mtaa, na hakuna aliyenipigia simu.

Nilirudi jana jioni nikakuta nyuma ya nyumba pamefagiwa. Pamefagiwa vizuri, hata. Kijiti changu cha kupimia joto kimeegemezwa ukutani kama fimbo ya mgeni.

Acha nikiri kitu. Rundo langu la kwanza, mwaka jana, lilinuka. Nilitupia vichwa vya samaki, ugali wa jana, mafuta ya kukaangia, kila kitu. Panya wakaja, majirani wakaniita Mama Jalala, na walikuwa na haki.

Nikalifukia mwenyewe, nikaanza upya. Ndoo tatu za majani makavu kwa ndoo moja ya maganda ya jikoni. Samaki marufuku. Maganda ya mayai natwanga kwenye kinu kwanza. Kila siku ya kumi napindua. Nimepindua mara nane, mgongo wangu ndio shahidi. Asubuhi nachomoa kijiti: kikitoka na joto, kazi inaendelea, kikitoka kikavu, naongeza maji.

Halikunuka tena. Hata Mama Shiro wa mlango wa pili, ambaye hunusa chumvi ikizidi jikoni kwangu, alianza kuniletea maganda ya ndizi.

Yeye ndiye aliyeniambia leo. "Mwenyekiti wa mtaa alisema hiyo taka iende, ati wageni wanakuja ukumbini Jumapili. Mimi nikadhani mmeongea."

Nikauliza mkokoteni ulielekea wapi. Akaangalia chini. "Mama Neema, si uende tu ukumbini uone maua."

Nimeenda. Vitanda viwili vya maua mapya, udongo mweusi ti. Nimechutama, nikachota mkononi. Maganda ya mayai, yametwangwa. Nani mwingine hapa Kaloleni hutwangia udongo mayai?

Mwenyekiti alikuwa kwenye baraza ya ukumbi na wenzake. "Hizo zilikuwa taka tu, Mama Neema. Ungeshukuru tumekufagilia."

"Mpeni kijiko achote chakula chake!" akadakia mmoja, wote wakaangua kicheko.

Nikawaacha wacheke. Nilikuwa napiga hesabu.

Miche mia moja na ishirini ya mboga, sukuma na managu, iko dirishani kwangu, wiki ya tano sasa. Ikipita wiki ya saba bila kuhamishwa, mizizi itajisokota na majani yatakuwa ya kuhurumiwa. Rundo jipya linataka miezi mitatu. Mvua imeanza leo. Nyumbani tuko watano, na siku tano kwa wiki mboga yetu hutoka kwenye magunia niliyopandia mwenyewe.

Ati nishukuru.

Mchana nilitaka kunyamaza. Huyu mzee, mwenyekiti, ndiye aliyenionyesha nyumba hii nilipofika mtaani na begi moja, na sijasahau. Nikaosha vyombo, nikafua, nikajaribu kujiambia ni udongo tu.

Si udongo tu. Ningekuwa nimeinunua mboji hiyo dukani kwenye mfuko wenye picha ya nyanya, hakuna ambaye angeigusa.

Mzee, najua binti yako husoma ukurasa wangu huu mtandaoni na hukusomea. Kwa heshima zote, nakuuliza mbele ya watu. Ulichopakia kwenye mkokoteni kilikuwa taka au mbolea? Kama ni taka, mbona umewapandia wageni maua ndani yake? Na kama ni mbolea, magunia yangu manne yanarudi lini?

Sitaki pole, sitaki soda, na usimtume mtu. Nataka jibu kutoka mdomoni mwako, mlangoni kwangu, kabla ya Alhamisi saa kumi na mbili jioni.